Mtandao Usio na Njia ya Pili

Katika kila zama huwapo neno moja limfungalo mnyonge kinywa. Zamani neno hilo lilikuwa "Bwana hayupo." Leo, katika mji wa Voi na katika vijiji vya Taita na Taveta, neno hilo ni "Hakuna mtandao." Mtu akisha kuambiwa hivyo haulizi tena. Huinamisha kichwa, hukunja karatasi zake, na hurejea alikotoka, kana kwamba ameambiwa kuwa mvua haikunyesha au kuwa mto umefurika. Nakusudia kukuonyesha, msomaji, kuwa jambo hili halifanani na mvua wala mto. Kukosekana kwa mtandao ni matokeo ya kazi ya watu, na kazi ya watu yaweza kuulizwa, kulaumiwa na kutengenezwa upya.

Nilipata kufuatana na mama mmoja, mzazi wa mwanafunzi wangu, aliyeteremka kutoka milimani kuja Voi kutafuta cheti cha kuzaliwa cha mwanawe. Mtoto alikuwa aandikishwe kwa mtihani wa taifa, na orodha ya watahiniwa ilikaribia kufungwa. Mama aliondoka kwake kabla ya alfajiri, akapanda matatu hadi Mwatate, kisha nyingine hadi Voi, na nauli aliipata kwa kuuza kuku wawili. Katika ofisi tuliyoingia palikuwa na kompyuta sita, makarani sita, na foleni iliyofika uani. Tukaambiwa hakuna mtandao. Nilimwuliza karani, kwa adabu, ni kitu gani hasa kisichokuwapo. Alikuwa mtu mwema, akanijibu kwa kweli: kompyuta zote sita zafuata waya mmoja utokao nje, kumbukumbu zote zimewekwa Nairobi, waya ule umekatwa na watu waliokuwa wakichimba mtaro kando ya barabara, na njia nyingine hakuna. Mama yule alisafiri mara tatu. Katika safari ya tatu alikipata cheti, siku mbili tu kabla ya orodha kufungwa. Sijui ni wangapi katika foleni ile waliokuwa na kuku wa kuuza mara tatu.

Maneno ya karani yule yalikuwa na elimu kubwa kuliko kurasa nyingi za vitabu vyetu. Tuyachambue.

Mtandao wa kompyuta ni muungano wa kompyuta mbili au zaidi, kwa waya, kwa nyuzi nyembamba za kioo zipitishazo nuru, au kwa mawimbi ya hewani, ili zipate kupelekeana habari na kushirikiana vyombo. Kompyuta zikiwa katika chumba kimoja au shule moja, huo ni mtandao mdogo. Zikivuka miji na nchi, huo ni mtandao mpana. Muungano wa mitandao yote ya ulimwengu ndio uitwao intaneti. Katika 1964 mtaalamu mmoja wa Marekani, Paul Baran, alieleza kwa maandishi jinsi ujumbe uwezavyo kukatwa vipande vidogo vidogo, kila kipande kikatafuta njia yake mwenyewe, na vyote vikakutanishwa mwisho wa safari. Shabaha yake ilikuwa kwamba sehemu moja ikivunjika, nyingine ziendelee kusema. Tarehe 29 Oktoba 1969 ujumbe wa kwanza wa mtandao uliokuja kuzaa intaneti ulipelekwa kutoka chuo kikuu kimoja cha Los Angeles hadi taasisi ya utafiti ya Stanford. Neno lililokusudiwa lilikuwa na herufi tano. Zilifika mbili, kisha mashine ikazima. Hivyo tangu siku yake ya kwanza mtandao ulionyesha kuwa kuvunjika ni tabia yake. Watu wenye akili hawakupoteza siku zao kutafuta mtandao usiovunjika kamwe. Walitafuta mtandao uendeleao kufanya kazi hali umevunjika.

Wako wasemao kuwa mtandao ni anasa ya vijana wa mijini, na kwamba mtu wa milimani hapungukiwi na kitu akiukosa. Hao wamechelewa. Tangu Machi 2007, M-Pesa ilipoanza, mkulima wa kabeji wa Wundanyi huweza kupokea fedha za mnunuzi wa Mombasa bila kushuka mlima. Katika uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022, picha za fomu za matokeo kutoka vituo zaidi ya 46,000 zilipelekwa kwa mtandao na kuwekwa hadharani, kila raia apate kujumlisha mwenyewe. Leseni, pasipoti, kodi na nafasi za vyuo huombwa kwa kompyuta. Hata wanyama wameingizwa humo: katika 2016 ndovu kadhaa wa Tsavo walivishwa mikanda ya shingoni itoayo habari za mahali walipo kwa njia ya setilaiti. Basi mtandao si pambo tena. Huduma ilipohamishwa kutoka kabati la karatasi, mtandao ulirithi wajibu wa kabati lile. Na kabati, pamoja na vumbi lake lote, halikuwahi kumwambia mtu kuwa leo halipo.

Sasa, msomaji, chukua kalamu uandike nukta nne: Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta. Hiyo ndiyo miji ya sehemu nne za kaunti yetu. Tuiunganishe, tuone namna za kuipanga.

Namna ya kwanza ni mstari. Utatumia viungo vitatu, mji baada ya mji, kama shanga katika uzi. Ni rahisi kwa gharama, lakini uzi ukikatika katikati, kaunti imegawanyika mafungu mawili yasiyosikilizana. Namna ya pili ni nyota. Hapa pia viungo ni vitatu, vyote vikitoka Voi. Kiungo cha Taveta kikikatika, Taveta peke yake hunyamaza. Walakini Voi ikipatwa na msiba, miji yote imekuwa mabubu kwa mara moja. Namna ya tatu ni pete. Viungo ni vinne, na mji wa mwisho umerudishwa kwa wa kwanza. Kiungo chochote kimoja kikikatika, ujumbe hugeuka ukazunguka upande wa pili, mradi pete imejengwa ipitishe habari pande zote mbili. Hakuna mji uliokatwa. Namna ya nne ni wavu, ambamo kila mji umeunganishwa na kila mji. Viungo ni sita kwa miji minne; lakini kwa shule kumi vingekuwa arobaini na vitano, na gharama yake ingemshinda tajiri.

Tazama hesabu hiyo kwa makini. Kati ya nyota na pete, tofauti ni kiungo kimoja: vitatu na vinne. Kiungo hicho cha nne siku zote chaonekana kama upotevu, maana siku njema hakina kazi kubwa. Thamani yake huonekana siku ya mtaro. Wazee walisema akiba haiozi, na hiki ndicho kiungo cha akiba.

Hapa nina ugomvi na sisi walimu wenyewe. Tumewafundisha vijana kuchora nyota, pete, mstari na wavu kama mtu afundishavyo mapambo ya khanga. Mwanafunzi huchora duara safi, huandika faida tatu na hasara tatu, hupata alama zake na husahau. Nilipata kuwauliza wanafunzi wangu, waliokuwa wamejibu swali hilo vizuri katika karatasi, kwamba waya utokao katika chumba chetu cha kompyuta waenda wapi. Hapana aliyenyosha mkono. Walijua umbo la nyota, nao hawakujua kuwa wameketi ndani yake: kompyuta zetu zote zashika swichi moja, na swichi yashika mnara mmoja, na siku mnara ule unyamazapo shule nzima hunyamaza. Elimu iishiayo katika karatasi ya mtihani humfanya mtu aitikie "Hakuna mtandao" kama wengine wote, ila kwa cheti kizuri zaidi. Maumbo yale manne ni majibu ya swali la haki: kikikatika kiungo kimoja, nani atakatwa, na nani aliamua kuwa iwe yeye?

Nchi yetu hii ya Taita na Taveta yajua maana ya njia moja. Katika Agosti 1914, vita vilipoanza, askari wa Kijerumani waliitwaa Taveta. Mwaka uliofuata vikosi vyao vidogo vilivuka nyika kavu na kutega baruti chini ya Reli ya Uganda, kwa kuwa walijua kuwa kati ya Mombasa na Nairobi reli ilikuwa hiyo moja tu. Adui mwenye akili haangalii wingi wa askari kwanza; hutafuta kiungo kisicho na mwenzake. Nchi hii yajua pia maana ya kupitwa. Tangu miaka ya 1950 bomba kubwa limechukua maji ya chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, kuyapeleka Mombasa, na watu wa kaunti hii wamenung'unika miaka mingi kuwa maji hupita mbele ya ndoo zao tupu. Katika 2009 nyaya za bahari za SEACOM na TEAMS zilitua Mombasa, na nyuzi za kioo ziendazo Nairobi zikafuata njia ile ile ya zamani, ya reli na barabara, mbele ya mlango wa Voi. Habari za nchi nzima hupita hapo kwa kasi ya nuru. Lakini kupita kwa kitu si kufika kwake. Asemaye "mtandao umefika Taita" kwa sababu waya umepita Voi, na aseme pia kuwa Mzima imemnywesha kila mtu wa Kasigau.

Serikali na makampuni wamejifunza somo la njia ya pili, tena kwa maumivu. Kabla ya 2009 Kenya ilitegemea setilaiti kwa mawasiliano yake ya intaneti na ng'ambo. Katika Februari 2012 meli moja ilitia nanga mahali pasiporuhusiwa karibu na bandari ya Mombasa, na nanga ile ikakata waya wa TEAMS. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili, EASSy na SEACOM, zilikatika pamoja karibu na pwani ya Afrika Kusini, na mtandao ukawa mzito katika nchi nyingi za Afrika Mashariki. Kenya ilitaabika siku hizo, ila haikuzimika kabisa, kwa kuwa ilikuwa na nyaya nyingine za kukimbilia. Hapana aliyesema baada ya hapo kuwa waya wa pili wa bahari ni israfu. Basi nauliza: ikiwa njia ya pili ni hekima kwa taifa, yawaje iwe anasa kwa kijiji?

Wapo watakaojibu kuwa mpango wa mtandao ni jambo la kifundi, na fundi haulizwi na mwanafunzi wa sekondari. Nawapa kisa kimoja. Mpaka mwaka 2000 barua ya kompyuta kutoka mteja wa kampuni moja ya intaneti ya Nairobi kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine, hata kama walikaa mtaa mmoja, ilipaa kwa setilaiti mpaka ng'ambo, ikageuka, ikarudi Nairobi. Mwishoni mwa mwaka huo makampuni yalijenga kituo cha kubadilishana habari hapa hapa nchini, kiitwacho KIXP. Shirika la simu, ambalo wakati huo lilikuwa na haki ya peke yake ya mawasiliano ya ng'ambo, lililalamika, na kituo kikafungwa baada ya majuma machache tu. Katika 2002 kilifunguliwa tena, na jirani akaanza kumwandikia jirani bila kuzunguka dunia. Nyaya zilikuwepo na mafundi walikuwepo. Kilichoifunga njia kilikuwa amri, na kilichoifungua kilikuwa hoja.

Wengine watasema kuwa watu wa milimani ni wachache, na kiungo cha nne kwa watu wachache hakirudishi faida. Hoja hii ina uzito, nami siidharau. Kampuni ni mfanyabiashara, na mfanyabiashara hapandi mbegu asipotarajia mavuno. Lakini yako majibu matatu. La kwanza, njia ya pili si lazima iwe waya. Kilele cha Vuria, chenye urefu wa mita 2,208, chatazama nyika yote chini yake, na mawimbi kutoka mnara hadi mnara hayahitaji mtaro. La pili, si lazima wajenge makampuni peke yao. Huko Catalonia, Hispania, wanakijiji waliopuuzwa na makampuni walianza mtandao wao wenyewe katika 2004, Guifi.net, na leo una makumi ya maelfu ya vituo. Hapa kwetu vijana wa Kibera walijenga TunapandaNET kuziunganisha shule na vikundi vya mtaa wao. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini vidole vya kijiji kizima vyaweza kusimamisha mnara. La tatu, ofisi yenye kumbukumbu zake zote Nairobi yaweza kuweka nakala ya zile za mahali pake hapa hapa, na karani akaendelea na kazi mpaka waya uungwe. Hili halihitaji hata waya mpya.

Tena jihadhari na njia ya pili ya uongo. Nyaya mbili zilizolazwa katika mtaro mmoja ni njia moja, kwa sababu jembe moja huzikata zote. Laini mbili za makampuni mawili yaliyokodi mnara mmoja ni njia moja siku mnara ule ukosapo umeme. Mtu akikuambia "tuna njia mbili," mwombe akuonyeshe zaachana wapi.

Nisije nikadhaniwa kuwa nausifu mtandao bila kuona ubaya wake. Mtandao ule ule uletao cheti ndio uletao mwizi anayejifanya mtumishi wa kampuni ya simu na kumwomba bibi kizee namba yake ya siri. Hupeleka fitina kwa kasi ile ile ipelekayo elimu, na vijana wengi hukesha humo mpaka alfajiri na kusinzia darasani. Hayo ni kweli, na malezi ni dawa yake. Lakini ubaya mkubwa zaidi wafuata ule ule mpango wa viungo. Katika nyota, asimamaye katikati huweza kuona yote yapitayo, na huweza kuyafunga yote. Katika Januari 2021, kuelekea uchaguzi wa Uganda, makampuni ya mawasiliano yaliamriwa kufunga intaneti, na nchi nzima ikakaa siku kadhaa bila hiyo, kwa sababu milango ilikuwa michache na funguo zake zilikuwa mikononi mwa wachache. Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 31, yampa kila mtu haki ya siri zake, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yamtaka anayekusanya habari za mtu aeleze azikusanya kwa nini. Sheria hizo ni njema. Walakini asiyejua habari zake zimewekwa wapi hawezi kuuliza nani azisoma. Mwenye kujua ramani ya mtandao wake ndiye awezaye kuitumia sheria.

Msomaji, sikuombi uwe fundi. Nakuomba kazi moja. Chora ramani ya mtandao wa shule yako, na ukiiweza hiyo, chora ya soko, ya zahanati na ya ofisi ya chifu wenu. Andika kila kifaa na kila kiungo. Kisha weka kidole juu ya kiungo kimoja baada ya kingine na ujiulize: hiki kikikatika, nani atanyamaza? Njia ya pili iko wapi? Nani ana ufunguo? Ramani hiyo ukiisha kuichora, ipeleke katika baraza la kata siku watu waitwapo kutoa maoni juu ya bajeti ya kaunti, maana Katiba imekupa wewe na mzazi wako haki ya kusema hapo. Mtu mzima mwenye cheo huweza kuyapuuza manung'uniko. Ramani iliyochorwa vizuri humpa taabu, kwa kuwa inamtaka ajibu mahali pamoja palipo wazi.

Na siku utakaposimama katika foleni, ukaambiwa "Hakuna mtandao," usigombane na karani, maana yeye naye amefungwa katika nyota ile ile. Mwulize kwa heshima ni kiungo gani kilichokatika, na kwa nini hakina mwenzake. Andika jibu lake, pamoja na tarehe. Mama yule niliyefuatana naye hakujua kuwa swali hilo laweza kuulizwa. Wewe sasa wajua, na ukinyamaza kesho hutakuwa na udhuru wake.